Historia ya Kadi za Bure na Bei Zake

Tarehe 22 Februari 2012, katika jimbo la Florida nchini Marekani, kampuni ya Disney ilifungua rasmi ndani ya bustani yake ya burudani iitwayo Magic Kingdom mchezo mpya wenye jina la Sorcerers of the Magic Kingdom, ambao mgeni, akiisha kulipa kiingilio cha bustani, hakutakiwa kutoa hata senti moja zaidi ili aucheze. Aliingia katika jengo lililofanywa mfano wa kituo cha zimamoto, akaonyesha tikiti yake, akapewa ramani, kadi moja ya kufungulia mchezo, na pakiti ya kadi 5 zenye picha za watu na wanyama wa hadithi za kampuni hiyo. Na kesho yake akirudi alipewa pakiti nyingine, na keshokutwa nyingine, maadamu ana tikiti mkononi. Kadi zile zilitolewa bure. Haukupita muda zikawa zinauzwa, na zimeendelea kuuzwa hata baada ya mchezo wenyewe kufungwa.

Sisi wakazi wa upande wa bara wa Mombasa, kuanzia Likoni hata Changamwe na Kisauni, hatuna bustani ya namna hiyo. Mtoto wa Kisauni akitaka kustarehe hupelekwa Bustani ya Haller pale Bamburi, mahali palipokuwa machimbo makavu ya matumbawe yaliyochimbwa kwa ajili ya kiwanda cha saruji, hata René Haller, mtaalamu mwenye asili ya Uswisi, alipoanza mwaka 1971 kupanda mivinje juu ya jabali lisilo na udongo na kuwaleta majongoo wayatafune majani yaliyopukutika ili yageuke mboji. Na leo mtoto huyo huwalisha twiga kwa mkono wake, akawatazama viboko na makobe, kisha akarudi kwao Mtopanga au Mishomoroni bila ya kitu mkononi, ila harufu ya chakula cha twiga. Walakini mambo mawili yaliyokutana katika zile kadi za Florida, yaani hiba na uchuuzi, ni mambo yaliyotupitia sisi pia, na mengine yametupitia kwa uzito mkubwa zaidi kuliko mchezo wa watoto. Kwa hiyo naona inafaa kuisimulia habari hii tangu asili yake, kwa kuwa anayeanza na Florida huwa ameingia katikati ya hekaya.

Asili ya kadi za kuchezea huko magharibi ni nchi za Waislamu. Katika jumba la Topkapi mjini Istanbul, mtaalamu L. A. Mayer aligundua mwaka 1931 karata za zama za Mamluki wa Misri, ambazo 47 kati ya 52 zimesalia, nazo zina safu nne: vikombe, sarafu, panga, na magongo ya kuchezea mpira juu ya farasi, na katika kila safu, juu ya tarakimu, amekaa maliki, chini yake naibu wake, na chini yake naibu wa pili, wote wametajwa kwa khati nzuri ya dhahabu pasina sura ya mwanadamu kuchorwa. Karata za namna hii zilifika Ulaya katika miaka ya 1370, Wareno wakazichukua katika marikebu zao, na majina yaliyobakia vinywani mwa wazee wa baraza za Likoni wagawapo karata baada ya alasiri, kopa na uru na pao na shupaza, ni ya Wareno hao, waliojenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 na kunyang'anywa mwaka 1698. Lakini karata hizo zilinunuliwa. 

Fikira ya kumpa mtoto kadi ya picha bure ilistawi Paris katika karne ya 19. Aristide Boucicaut, mwenye duka kubwa la Au Bon Marché, aligundua kwamba mama aingiaye dukani na mtoto hutoka upesi, kwa kuwa mtoto huchoka akalia. Akaanza kuwagawia watoto kadi za picha za rangi, zilizochapwa kwa mfululizo, ili aliyepata ya kwanza amsihi mama yake warudi wiki ifuatayo apate ya pili. Tangu siku hiyo kadi ya bure ikawa na kazi mbili, moja ya kumfurahisha anayepewa na nyingine ya kumrudisha, na historia yake yote iliyofuata imesimama juu ya kazi hiyo ya pili.

Kisha tumbaku ikaingia. Pakiti za sigara za miaka ya 1880 zilikuwa za karatasi laini, na sigara zilivunjika mfukoni; kampuni ya Allen & Ginter ya mji wa Richmond, Virginia, ikatia ndani ya kila pakiti kipande cha karatasi ngumu cha kuzishikilia, halafu ikaona kuwa kipande kitupu ni hasara, ikachapa juu yake picha za mabondia, wachezaji, bendera na ndege. Waingereza wakafuata, Wills wa Bristol na Player wa Nottingham, na kwa muda wa miaka hamsini watoto wa Uingereza walisimama milangoni mwa maduka ya tumbaku wakiwaomba wanaume waliotoka humo wawape kadi iliyokuwemo pakitini, wakazichezea kwa kuzirusha ukutani kama watoto wetu wanavyorusha vizibo vya soda. Vita vya kwanza vya dunia vilipoleta uhaba wa karatasi kadi zilisimamishwa mwaka 1917, zikarudi mwaka 1922, na vita vya pili vikazikomesha mwaka 1940. Mwaka 1927 ilikuwa imekwisha kuanzishwa huko kampuni maalumu ya kununua na kuuza kadi hizo, London Cigarette Card Company. Basi kitu ambacho hakikuwahi kuwa na bei dukani kilipata duka lake chenyewe.

Katika kadi zote za tumbaku hapana iliyojulikana kama ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli wa Pittsburgh. Kampuni ya American Tobacco ilitoa kati ya miaka 1909 na 1911 kadi za wachezaji mia kadhaa, na Wagner hakuridhia sura yake iendelee kuchapwa. Wasimuliaji wanahitilafiana kuhusu sababu, wengine wakisema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili yake, wengine wakisema hakulipwa haki yake. Lakini matokeo ni kuwa kadi chache zilikwisha kutoka kabla ya uchapaji kusimamishwa, na zijulikanazo leo ni takriban sitini au pungufu. Mwaka 2022 mojawapo iliuzwa kwa dola milioni 7.25. Kadi hiyo ilitoka kiwandani kama zawadi iliyotiwa ndani ya pakiti ya sigara, na mtu wa kwanza kuishika hakuilipia kitu zaidi ya bei ya sigara zake.

Ninapotaja fedha hizo sina budi kumtaja na Jefferson Burdick, kwa sababu mtu huyu amenistaajabisha kuliko wanunuzi wote. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha vifaa vya umeme katika mji wa Syracuse, jimbo la New York, mseja, mtu wa kipato kidogo, na mwenye ugonjwa wa baridi yabisi uliomkaza viungo mwaka hata mwaka. Alikusanya kadi za matangazo na za tumbaku zaidi ya 300,000, akazitungia orodha iliyochapishwa mwaka 1939, ambayo wakusanyaji wa Marekani wangali wakiifuata katika kuzipa kadi namba zake. Ndani ya orodha hiyo kadi ya Wagner aliikadiria kwa dola 50, na kwa watu wa siku zile hiyo ilikuwa bei ya kushangaza. Hakuziuza. Kuanzia mwaka 1947 alizitoa zote kwa jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York, na baadaye akahamia mjini humo ili azipange kwa mkono wake, akae mezani siku baada ya siku akibandika kadi katika madaftari kwa vidole visivyokunjika. Tarehe 10 Januari 1963 alibandika ya mwisho, akavaa koti lake, akawaambia waliokuwapo kuwa hatarudi tena. Siku ya pili yake aliingia hospitali, na mwezi wa Machi akafariki. Madaftari yale yapo hata leo, na yeyote atakaye kuyatazama huruhusiwa kwa utaratibu wa jumba hilo.

Mombasa nayo ina karatasi zake ndogo zilizopanda bei kwa sababu ya uhaba, ingawa hazikutolewa bure, nazo ni stempu. Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, ilitoa mwaka 1890 stempu zake zenye jua na taji, zikatumika kwa barua zilizotoka kisiwani na zile zilizovuka kutoka Freretown, makao ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) pale Kisauni mwaka 1875. Mwaka 1891 stempu za thamani ndogo ziliadimika, na meli iliyotarajiwa kuleta nyingine haikuwa karibu. Basi maofisa wa Kampuni wakachukua stempu za thamani nyingine, wakafuta kwa kalamu ya wino thamani iliyochapwa, wakaandika mpya kwa mkono, na pembeni wakatia herufi za majina yao, A.D. kwa Andrew Dick aliyekuwa mhasibu mkuu, na A.B. kwa Archibald Brown mtunza fedha. Ni mwandiko wa haraka wa mtu wa ofisini mwenye foleni mbele yake. Stempu hizo zilizokusudiwa kufikisha barua tu leo hununuliwa na matajiri, na wadanganyifu wameigiza mwandiko ule mara nyingi, hata haziaminiki bila ya hati ya mtaalamu. Kampuni yenyewe ilielemewa na gharama, na serikali ya Uingereza ikaichukua nchi tarehe 1 Julai 1895. Stempu zilizosalia zikagongwa muhuri mpya hapa hapa Mombasa, zikatumika, na hizo nazo sasa ni adimu.

Naupita upesi mlango wa michezo ya kadi za kukusanya, ambao wasomaji vijana wanaujua kuliko mimi. Richard Garfield, mwanahisabati wa Marekani, alitunga Magic: The Gathering uliotoka mwaka 1993, na kwa mara ya kwanza kadi za kukusanya zikawa ndizo silaha za mchezo wenyewe, ikawa mwenye kadi adimu mara nyingi humshinda mwenye kadi za kawaida, Pokémon ukafuata nchini Japani mwaka 1996, ukaenea duniani kote. Mwaka 1995 ulikuwa umekwisha kufunguliwa mnada wa intaneti uitwao eBay, ambako mtu wa kijiji chochote aliweza kumuuzia mtu wa mji wowote. Mambo haya mawili, kadi zenye daraja za uadimu na mnada usiolala, yalikuwa yamekomaa tayari wakati Disney ilipofungua mchezo wake, na haiyumkiniki kuwa wenye bustani hawakuyajua.

Mchezo wenyewe ulikuwa mzuri, nami nasema hivyo bila ya kusitasita. Hadithi yake ni kwamba Hades, yule mfalme wa kuzimu, ametamani kuitawala bustani, na mganga mkongwe Merlin anawaita wageni wamsaidie kumzuia. Mgeni huifuata ramani mpaka mahali palipofichwa kituo, ambapo dirisha au picha iliyotundikwa hugeuka kuwa skrini, adui hutokea akitamba, na mtoto huinua kadi yake mbele ya kamera isiyoonekana, mara dawa iliyochorwa juu ya kadi ikamrukia adui mbele ya macho yake. Kadi mojawapo, ambayo nimeishika kwa mkono wangu katika nyumba ya jamaa huku Kisauni, ni ya Rafiki, yule nyani wa filamu ya simba iliyotoka mwaka 1994, na fimbo yake ya hekima. Ilikuja ndani ya begi la shule, katikati ya kurasa za kitabu, kutoka Florida mpaka uwanja wa ndege wa Moi pale Port Reitz. Pembe zake zilikuwa zimekwisha kulegea kwa kushikwa, na mtoto aliyeileta hakutaka kuambiwa bei yake. Alitaka kujua kama iko kamera huku itakayoitambua.

Kadi za mchezo zilikuwa 70. Kadi 60 ndizo zilizogawiwa ndani ya pakiti za bure, na 10 za mwisho zilipatikana kwa kununua pakiti za toleo la mchezo huo la kuchezea nyumbani. Hizo 60 hazikuchapwa kwa idadi moja: kila kadi ilitiwa alama ya daraja yake, sayari kwa zile za kawaida, mwezi mwandamo kwa zilizopungua, nyota kwa za nadra, na radi kwa zile ambazo mtu angeweza kufungua pakiti nyingi asiione hata moja. Zaidi ya hizo zilitolewa kadi maalumu usiku wa sherehe za Halloween na za Krismasi, ambazo zilikuwa na tikiti yake mbali. Na kiingilio cha bustani kwa mtu mzima kwa siku moja kilikuwa kinakaribia dola 90 mwaka huo wa 2012. Hapo ndipo ionekanapo hakika ya ule ubure: kadi haikuwa na bei, lakini mlango wa kuifikia ulikuwa na bei, na idadi yake ilikuwa imepimwa kwa kibaba na mkono wa mtoaji.

Sasa tazama yaliyotokea. Familia iliyotoka mbali, ikakaa Florida siku tatu, ilirudi kwao na pakiti tatu kwa kila mtu, nyingi ndani yake zikiwa marudio. Ilhali aliyeishi jirani na bustani, mwenye tikiti ya mwaka mzima, aliweza kuingia kila siku, akachukua pakiti yake bila ya kucheza, akatoka. Kwa mtu kama huyo tikiti ya mwaka ilikuwa mtaji. Wageni wengi walibadilishana kadi kwa wema, wakakaa vivulini na madaftari ya plastiki mapajani, mtu akimpa mtoto asiyemjua kadi aliyoikosa. Hilo nalo ni sehemu ya historia hii na halifai kusahauliwa. Wengine wakazipeleka mnadani, wakaziuza moja moja, au kwa pakiti zisizofunguliwa, au kwa seti nzima, na ikawa mkusanyaji ambaye hajawahi kukanyaga Florida aweza kumiliki kadi zote 70, hali mtoto aliyesimama mbele ya kituo hana kadi ya radi hata moja. Na ajabu ni kuwa katika ngazi ya kwanza ya mchezo kadi yoyote ilitosha kumshinda adui. Uadimu haukuhitajiwa na mchezo, ulihitajiwa na ukusanyaji tu.

Watu wengi waliokasirishwa na uchuuzi huu waliwalaumu wachuuzi. Mimi siwatetei, kwa kuwa kumnyima mtoto zawadi yake ili uiuze ni jambo lisilo na muruwa. Lakini naona lawama kubwa inamwangukia aliyezipa kadi daraja. Mtoaji anapochapa kitu cha zawadi kwa idadi zisizolingana, akakitia alama ili kila mmoja ajue kipi ni adimu, kisha akaweka sharti la pakiti moja kwa siku, amekwisha kufungua soko kwa mkono wake, na anayekuja baada yake na kibandiko cha bei amemalizia kazi tu. Sisemi haya kwa dhana. Nina ushahidi wa hapa nchini, tena katika kitu ambacho mtu angetarajia kiuzwe upesi kuliko kadi, nacho ni chandarua.

Katika mwaka 2006 serikali ya Kenya iligawa bure vyandarua milioni 3.4 vyenye dawa kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kabla ya hapo vilikuwa vikiuzwa kwa bei iliyopunguzwa, na wapo waliosema kwa yakini kwamba kinachotolewa bure hakithaminiwi, kwamba watu wataviuza sokoni au kuvitupa. Wilaya ya Kwale, ambayo mtu wa Likoni huifikia akiishika barabara ya kusini, ilikuwa mojawapo ya wilaya nne zilizofuatiliwa na watafiti tangu mwaka 2004, nao wakakuta kwamba watoto waliolala ndani ya chandarua chenye dawa, ambao mwanzoni walikuwa takriban 7 katika kila 100, walifika 67 baada ya ugawaji ule wa bure, na walionufaika kwa wingi ni maskini kuliko wote. Vifo kwa watoto waliolala ndani ya vyandarua hivyo vilikuwa pungufu kwa asilimia 44. Kisha Jessica Cohen na Pascaline Dupas wakajaribu jambo lenyewe katika zahanati za wajawazito magharibi ya Kenya, na katika makala yao iliyochapishwa mwaka 2010 wakaonyesha kuwa kutoza shilingi 40 tu kulipunguza waliochukua chandarua kwa zaidi ya nusu, na kwamba waliopewa bure hawakuvitumia kwa uchache kuliko walionunua. Vyandarua vilikuwa vingi, vya namna moja, na wengi wenye watoto wadogo walipata. Kwa hiyo hapakuwa na njia ya kumuuzia jirani aliyekwisha kupata chake.

Mfano wa pili tunaupita kila siku bila ya kuutazama. Feri ya Likoni haimtozi nauli mtu aendaye kwa miguu, na watu wanaovuka kwa siku moja wanahesabiwa kuwa zaidi ya 300,000. Walakini hapana aliyewahi kusikia mlanguzi wa nafasi ya kuvuka. Feri ina shida zake nyingi, foleni, joto, kuharibika kwa mitambo, na msongamano wa alfajiri ambao kila mfanyakazi wa bandarini anaujua. Lakini ubure wake umesimama imara mbele ya uchuuzi, kwa kuwa nafasi ya mvukaji humalizika anapoteremka ng'ambo, haiwekwi sandukuni ikangoja bei, na aliye nyuma yake katika foleni ana haki ile ile, hata akikosa feri hii atapata inayofuata.

Kadi za Florida zilikuwa kinyume cha feri kwa kila hali. Na uadimu wake ulizidi pale mlango ulipofungwa kabisa, kwani tarehe 31 Januari 2021 ilikuwa siku ya mwisho ya mchezo ule, baada ya umri wa takriban miaka 9. Vituo vikazimwa, na kadi zote, za sayari kwa za radi, zikawa zimekatiwa chemchemi. Yaliyobaki ni mnada. Kadi ya Rafiki iliyofika Kisauni haina tena kamera yoyote duniani ya kuitambua, na huku haina mnunuzi; mwenyewe ameibandika katika mlango wa kabati.

Nimeyaandika haya kwa ajili ya wenye kugawa vitu kwa watoto wetu. Kila mwaka katika Maonyesho ya Kilimo ya Mkomani makampuni hutoa kofia, kalamu na kalenda, nimeona watoto wa Kongowea na Bombolulu wakisukumana mbele ya mahema hadi wadogo wakaangushwa, na nimeona kofia zile zikiuzwa nje ya lango jioni ile ile na vijana waliokuwa na nguvu za kufika mbele. Wenye maonyesho, wenye bustani, na walimu wanaopanga siku za michezo nawaomba jambo moja: mkitaka kumpa mtoto kadi ya picha, ya mnyama wa Haller au ya jahazi au ya mchezaji wa timu ya hapa, mchapishe kila picha kwa idadi sawa, msitie alama ya daraja, muanze kugawa na mtoto wa mwisho katika foleni, na mkiona zimekwisha mchapishe nyingine.